Kazi Iliyoitwa Kufua

Tarehe 9 Agosti 1997, siku ya Jumamosi, zilipotea glavu zangu za kazi. Zilikuwa za mpira mweusi, ndefu hadi karibu na kiwiko, na ndani ya kila moja nilikuwa nimeandika namba yangu, 4, kwa rangi nyeupe. Katika daftari la stoo niliandika neno moja tu: "Zimepotea." Katika miaka yote niliyofanya kazi ya ngozi sikuwahi kupoteza kifaa kingine. Nitaeleza zilivyopotea, lakini lazima nianze na kazi yenyewe, maana vijana wengi hawaijui, na asiyeijua kazi hawezi kumwelewa mtu ninayeandika habari zake hapa.

Nilianza Ikungi nikiwa na miaka ishirini na cheti cha darasa la saba. Siku ya kwanza niliripoti kwa Bwana Ngozi. Hicho kilikuwa cheo, si jina. Ndivyo alivyoitwa mtaalamu wa ngozi kila mahali, kama tulivyokuwa na Bwana Shamba na Bwana Mifugo. Alikuwa mtu mfupi, mkali, asiyetoa kofia. Alinipa kisu na mbuzi aliyekwisha kuchinjwa, akasema, "Chuna."

Mimi ni mtoto wa Mungaa, nyumbani tulifuga, na mbuzi nilikuwa nimechuna wengi. Nilimaliza haraka nikampelekea ngozi nikiwa na furaha. Akaiinua kuelekea juani. Mwanga ulipita kwenye matundu sita au saba.

"Umechuna ngozi au umetengeneza chujio?" akaniuliza.

"Ngozi, Bwana."

"Basi nenda kachekechee unga."

Nilijifunza kwake kwa miaka kadhaa. Alinifundisha kwamba kisu huanzisha tu, na kazi iliyobaki ni ya ngumi: unaisukuma ngozi itengane na nyama bila kuikata. Alinifundisha kuwamba, yaani kuinyoosha ngozi mbichi kwenye fremu ya miti kwa kamba pande zote, kila kamba ivute sawa na mwenzake. Alinifundisha kwamba adui wa kwanza wa ngozi ni jua. Ngozi iliyoanikwa chini juani hupikika kwa ndani. Kwa nje inaonekana nzuri, kavu, inang'aa. Ikifika kiwandani ikalowekwa, inakatika kama karatasi iliyolowa. Macho hayawezi kuigundua. Ndiyo maana ngozi hukaushwa kivulini, na ndiyo maana kazi ya mkaguzi, anayezipanga ngozi kwa madaraja na kuzigonga muhuri wa namba yake, ni kazi ya heshima.

Mwanamke hakuruhusiwa kukaribia fremu. Bwana Ngozi alisema mwanamke akivuka ngozi iliyowambwa, ngozi hupasuka. Sikuwahi kuona ikipasuka, lakini pia sikuwahi kuona mwanamke akivuka. Niliamini kama nilivyoamini yale ya jua.

Kulikuwa na kazi moja zaidi. Ngozi kavu huingiwa na dudu mdogo mweusi anayeila mpaka ibaki vumbi. Ili kumzuia, tuliitumbukiza ngozi katika pipa la dawa yenye sumu ya aseniki, kisha tukaining'iniza ichuruzike. Ikungi kazi hiyo tuliifanya mara moja kwa mwezi. Bwana Ngozi alipima unga mwenyewe kwa kopo, tulivaa glavu, aproni na gambuti, na ngozi tuliishika kwa kulabu. Kwenye gunia la unga palichorwa fuvu la mtu. "Huyu hapa," alikuwa akituambia akiligonga kwa kidole, "aliwahi kuwa kibarua wangu asiyesikia."

Baadaye nilihamishiwa Singida mjini, kwenye banda kubwa nyuma ya machinjio, nikapewa cheo cha mkaguzi na namba 4. Haukupita muda mrefu mambo yakabadilika. Biashara ilifunguliwa, kila mwenye uwezo akaruhusiwa kununua ngozi, na banda letu likauzwa kwa mfanyabiashara binafsi, akaleta meneja wake. Bwana Ngozi hatukuwa naye tena, alikuwa amestaafu. Malori yaliyokuwa yakija mwisho wa mwezi sasa yalikuja kila wiki. Ngozi ilitakiwa iende bandarini upesi kabla bei haijashuka, na pipa la dawa likawa halipumziki. Unga ulinunuliwa popote ulipopatikana, tena ukija kwenye mifuko ya nailoni isiyokuwa na fuvu wala maandishi. Hapakuwa na kopo la kupimia. Meneja alisema tuongeze mpaka maji yabadilike rangi.

Wanaume walianza kulalamika. Mara moja kwa mwezi waliweza. Kila siku hawakutaka. Meneja, mtu mcheshi mwenye kupenda kutuuliza maswali kama mwalimu, alitukusanya.

"Hebu niambieni. Unaloweka kitu kwenye maji, unakigeuzageuza, unakikamua, unakianika kwenye kamba. Nyumbani kwenu kazi hiyo inaitwaje?"

Mtu mmoja nyuma akajibu, "Kufua!"

Tulicheka wote. Mimi pia nilicheka.

"Basi kwa nini wanaume wazima wananifulia?" akasema Meneja. "Tafuteni wanawake."

Waliajiriwa wanawake watatu. Kwenye orodha ya wafanyakazi, ambayo mimi kama mkaguzi niliiandika, Meneja aliniagiza niwaweke chini ya neno "Usafi". Glavu, aproni na gambuti zilitolewa kwa orodha hiyo: watu wa dawa walipata, watu wa usafi walipata ufagio. Wanawake walipokwenda kuomba glavu, Mtunza Stoo aliwatazama akacheka.

"Glavu? Kwani nyumbani mnafua na glavu?"

Kazi ilikuwa ile ile niliyoifanya Ikungi nikiwa nimevaa mpira mpaka kiwikoni. Ilibadilishwa jina tu, na kwa kubadilishwa jina ikavuliwa glavu. Nililijua hilo siku ile ile. Sikusema.

Mmoja wa watatu hao aliitwa Mama Rehema. Alikuwa Mkimbu wa Itigi, mjane wa kibarua wa njia ya reli, hakusoma hata darasa moja. Alikuja Singida na binti yake Rehema, akapanga chumba uani kwa mfanyabiashara mmoja wa mjini ili mtoto asome. Wanawake wenyeji walimwita "mwanamke wa stesheni", maana Itigi wanawake huuza asali na vyakula kwa abiria treni linaposimama, na watu walidhani wanauza na mengine. Mama Rehema hakujibu. Lakini kwa jambo la kazi alikuwa na mdomo. Siku ya kwanza tulipomwambia asivuke ngozi zilizowambwa zisije zikapasuka, aliuliza, "Hii ni ya mbuzi dume au jike?"

"Jike," nikamwambia.

"Na alipokuwa ndani yake haikupasuka?"

Siku moja nilikuwa nikikagua shehena, naye akipita na ndoo. Aligusa ngozi niliyokwisha kuigonga muhuri wa daraja la kwanza. Akasimama.

"Baba Neema," akaniita kwa jina la mwanangu, "hii imepikwa."

"Imepikwa wapi? Si unaiona ilivyo safi?"

"Naiona. Ndiyo maana nakwambia niliyoyahisi."

Nilikata kipande cha pembeni nikakiloweka. Baada ya saa moja kilimeguka mkononi mwangu. Nilimuuliza amejifunza wapi. Akasema baba yake alikuwa mtu wa mizinga ya nyuki na hakuzaa mtoto wa kiume, kwa hiyo alimpeleka yeye porini kubandua magome ya miti. Gome bovu na gome zima kwa macho ni ndugu. Vidole ndivyo vinavyowatenganisha.

Tangu siku hiyo alinikagulia. Akishamaliza kwenye pipa alikuja kwenye meza yangu, anapitisha vidole upande wa nyama, anasema, "Nzima. Nzima. Imepikwa. Hii ya kwetu Itigi, ona miiba ilivyomchana. Nzima." Mimi niligonga muhuri. Shehena zenye namba 4 zikapata sifa bandarini. Meneja alinisomea barua ya pongezi mbele ya wenzangu, akanipandisha kuwa Mkaguzi Mkuu. Mama Rehema alikuwa amesimama palepale na ufagio. Alipiga makofi. Jioni aliniambia, "Hongera, Mkaguzi. Siku wakikufanya Waziri usinisahau kwenye pipa," tukacheka. Nilikuwa na uwezo wa kusema mbele ya watu vidole hivyo ni vya nani. Niliona nikisema nitashuka, na yeye hatapanda. Hivyo ndivyo nilivyojiambia.

Mwaka wa tatu mikono yao ilianza kuharibika. Viganjani mwao walitoka vipele vigumu kama punje za mtama. Ngozi ya kifuani ikaingia madoa kama matone ya kwanza ya mvua kwenye vumbi. Mmoja wa wanawake hao alikuwa mke wa dereva wetu. Dereva alikwenda ofisini, akapiga meza, akasema mke wake si punda. Kesho yake mke wa dereva alihamishiwa kwenye kushona magunia, na mikono yake ikatulia. Mwingine aliolewa akaondoka. Akabaki Mama Rehema na pipa.

Alinifuata. "Baba Neema, nisemee na mimi. Mwenzangu amesemewa na mumewe. Mimi anisemee nani, kaburi?"

Nilimwambia asubiri lori la wiki hiyo liondoke. Likaondoka, likaja jingine.

Halafu siku moja mezani alikawia kwenye ngozi moja. Akaigeuza, akaipapasa tena.

"Vipi?" nikamuuliza.

"Vidole vyangu vimevaa soksi," akasema.

Nilidhani anatania. Alisema "nzima" na nikagonga. Wiki ile aliendelea kusema "nzima", nami nikaendelea kugonga, na ukweli ni kwamba niliona anasema upesi kuliko zamani, na nilifurahi kwa sababu lori lilikuwa linasubiri.

Shehena hiyo ilirudishwa. Nyingi zilikuwa zimepikika. Meneja aliniita nikiwa na Mtunza Stoo, akaweka ngozi iliyochanika mezani, muhuri wa namba 4 ukionekana vizuri.

"Namba hii ni ya nani?"

Hapa nitaandika kama ilivyokuwa. Nilisema, "Ni yangu, lakini hizi alizipapasa yule mama."

"Mama yupi?"

"Mama Rehema."

Meneja alifungua orodha niliyoiandika kwa mkono wangu. "Huyu ni mtu wa usafi. Mtu wa usafi anapangaje madaraja?"

Mimi nilipewa onyo. Mama Rehema alifukuzwa siku hiyo, kwa kosa la kushika kazi isiyo yake. Namba ilipoleta pongezi ilikuwa yangu. Ilipoleta hasara nikampa.

Baada ya mwezi alikuja nyumbani kwangu Jumapili mchana. Alikuwa amekonda, anatembea kama mtu anayekanyaga miiba. Mke wangu alimpa kiti na maji. Kikombe alikishika kwa viganja viwili, vidole havikukunjika. Alisema amekwenda zahanati. Mganga aliyekuwa zamu alimtazama mikono akamuuliza anafanya kazi gani. Alipoeleza, mganga alisema, "Lete karatasi ya kazini inayosema ulikuwa unashika dawa gani. Nikiwa nayo nitakuandikia uende hospitali kubwa, wakupime hiyo. Bila karatasi, mama, watakupima kitu kimoja tu, unakijua."

Sote tulikijua. Miaka hiyo mjane aliyekonda, mwenye madoa, tena wa stesheni, hakupimwa ndipo ahukumiwe. Uani kwake walikuwa wamekwisha kumtengea kopo la maji.

"Karatasi moja tu, Baba Neema. Hata mistari miwili."

Nilimwahidi. Jumatatu nilimwendea Meneja. Hakukasirika. Alinipa hata kiti.

"Andika," akasema. "Lakini ukiandika kwamba alikuwa anaingiza mikono kwenye sumu, andika na aliyekuwa anamsimamia. Na aliyeandika 'Usafi'. Mwandiko ni wa nani?" Akanisogezea kalamu. "Halafu mwezi ujao tunapunguza watu. Nisingependa kukukosa. Na usijisumbue, wale wanawake wa stesheni magonjwa yao yanajulikana."

Nilikuwa na watoto wanne. Niliandika ile mistari miwili mara tatu na kuichana mara tatu. Mama Rehema alituma mtu kuulizia, nikasema Meneja amesafiri. Alituma tena, nikasema bado. Kisha hakutuma. Nilisikia amerudi Itigi, na Rehema ameacha shule amfuate.

Nilibaki kazini. Nilipunguziwa wenzangu, nikaongezewa mabanda, nikahamishiwa Manyoni na kurudi mjini, nikastaafu mwaka 2014 nikiwa bado na namba 4. Niliagwa kwa soda na hotuba. Aliyehutubia alisema nilikuwa na vidole vya ajabu. Sasa niko Mungaa na mbuzi wachache.

Mjukuu wangu wa kike anasoma chuo. Aliniuliza kama Mama Rehema aliponzwa na kuwa mwanamke. Nilimwambia mke wa dereva naye alikuwa mwanamke. Akasema basi ni ujane, au ugeni, au kutosoma. Nimelifikiria sana jambo hilo, na sijui kulieleza ila kwa kazi niliyoifanya. Ngozi kwenye fremu haivutwi na kamba moja. Kila kamba inavuta upande wake, na ukikata moja ngozi inabaki imewambwa. Ila kamba hazijifungi zenyewe. Kuna mtu aliyezifunga, na baadhi ya mafundo nayafahamu kwa kuwa niliyafunga mimi.

Sasa zile glavu.

Ijumaa ya tarehe 8 Agosti dereva wa lori la asali alinipa habari kwamba Mama Rehema amefariki. Nilipanda lori lile lile nikiwa na begi langu la kazini, sikupita nyumbani. Nilifika Itigi Jumamosi asubuhi. Wanaume walikuwa wamekaa mkekani, wachache. Mlango wa chumba ulikuwa wazi, na wanawake wawili waliotakiwa kumwosha marehemu walikuwa wamesimama nje, mikono wameificha ndani ya kanga.

Rehema alikuwa mbele yao. Alikuwa na miaka kumi na saba.

"Si kwamba tunamkataa, mwanangu," mmoja alisema. "Tunaogopa. Mimi nina watoto wadogo. Zahanati tumetuma, glavu hawana."

"Mama hakuwa na ugonjwa huo."

"Wote husema hivyo."

"Basi tokeni. Nitamwosha peke yangu."

"Peke yako utamgeuzaje?"

Nilimsogelea mzee mmoja wa pale mkekani nikamwambia kwa sauti ndogo, "Huyu mama hakufa kwa ugonjwa wanaousema. Ilikuwa dawa ya kazini. Mimi nilikuwa naye."

Aliniangalia kwa upole. "Una karatasi yoyote, ndugu yangu? Nikawaonyeshe."

Sikuwa nayo. Nilifungua begi, nikatoa glavu zangu, nikampelekea Rehema.

"Shikamoo baba," alisema, kwa sababu alilelewa vizuri. Aliona namba iliyoandikwa ndani, akaitazama kidogo, kisha akageuka akawapa wale wanawake. Zilikuwa jozi moja, wakagawana, kila mmoja mkono mmoja. Waliingia, mlango ukafungwa, nikasikia maji.

Tulimzika adhuhuri. Tulipokuwa tunatawanyika Rehema alinijia na zile glavu, zimeoshwa, zimekunjwa.

"Chukua, baba. Ni mali ya kazi."

"Kaa nazo."

"Nifanyie nini?"

Aliziweka juu ya wigo wa miiba karibu na njia, akarudi ndani. Nami niliondoka nikaziacha pale.

Jumatatu niliandika kwenye daftari la stoo kwamba zimepotea. Mtunza Stoo, yule yule aliyewauliza wanawake kama nyumbani hufua na glavu, alisoma akainua kichwa.

"Zimepotea wapi, Mkaguzi?"

"Itigi."

"Haya, kazi haiwezi kusimama," akasema. Aliingia ndani, akatoka na jozi mpya, akanipa nisaini.